Bipu Moja ni Mzima

Fundi lifti aliliwa salio lake lote kabla hata hajapokea begi lake. Ndiyo, pale pale uwanja wa ndege! Aliwasha simu ampigie mama yake kumwambia kwamba amefika salama, kumbe intaneti nayo imeamka. Picha zikaanza kujipakua, programu zikajisasisha bila hodi, na pesa za mwezi mzima zikayeyuka yeye bado anakodolea macho mabegi ya watu.

Kwenye hosteli aliyopangiwa na kampuni, dada wa mapokezi alimcheka kwanza, halafu akamwonea huruma.

"Kaka, ukiwa nje ya nchi zima data kabisa. Tumia waifai ya hapa ukumbini. Na laini yako ya nyumbani usiipokelee simu, maana huku hata anayepigiwa anakatwa."

"Anayepigiwa?"

"Tena anakatwa hasa! Labda ununue laini ya hapa, ila watakudai kitambulisho cha mkazi."

Kitambulisho angekitoa wapi, naye kaja wiki sita tu kujifunza lifti mpya? Akaongeza salio kidogo, akampigia mama yake mara moja ya mwisho. Mama alikuwa na simu ndogo ya vitufe, haijui intaneti wala ndugu yake. Alisikiliza kisa cha uwanja wa ndege, akapandisha sauti ile ile iliyokuwa ikimtoa fundi mtaa wa tatu aje kula.

"Hela za kuchezea umezitoa wapi, Kitinda? Sikia. Kila jioni nitakubipu. Ikilia mara moja ikakatika, mimi mzima. Ikilia mara mbili, nakuuliza, na wewe je? Nawe utanibipu mara moja. Basi! Maneno tutayamaliza ukirudi. Na ole wako upokee!"

Akakata.

Hayo maneno ya kumaliza yalikuwa na uzito wake. Mama alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alishasema kisanduku cha sauti lazima kiondolewe. Mama atapona, ila hatazungumza tena. Upasuaji ulipangwa wiki moja baada ya fundi kurudi, kwa sababu mama mwenyewe aligoma. "Namsubiri kitinda mimba wangu," alimwambia daktari. "Nikishaongea naye mpaka nichoke, chukueni hilo koo lenu."

Basi zikaanza siku za bipu. Mchana fundi alikuwa juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, mikono imejaa grisi, akijifunza breki na nyaya pamoja na wenzake ambao walicheka kwa lugha asiyoielewa. Jioni alikula peke yake akitazama ukuta. Kwenye lifti ya hosteli watu walipanda wakitazama viatu vyao. Alisalimia siku tatu za mwanzo, ya nne akaacha. Upweke ulimkaba jamani, mpaka akawa anaisimulia breki mambo ya nyumbani. Ikifika saa kumi na mbili simu inalia mara mbili, inakatika. Na wewe je? Naye anabipu mara moja: mzima. Uongo mtupu, lakini angefanyaje? Bipu ya mpweke hawakuipanga.

Wiki ya nne, saa sita mchana, simu ikalia mfukoni. Mara moja. Mbili. Tatu. Akafuta grisi mikononi, akaitoa: Mama. Akatabasamu, akidhani kidole cha mama kimegandia kitufe. Ikalia mpaka ikachoka.

Ikaanza tena.

Safari hii hakutabasamu. Dole gumba likasimama juu ya kile kitufe cha kijani. Akaukumbuka uwanja wa ndege. Akaikumbuka ile "ole wako upokee". Mkufunzi alikuwa anamtazama, breki imefunguliwa nusu. Akahesabu milio kumi na moja, simu ikanyamaza. Akairudisha mfukoni, akashika spana.

Jioni aliingia ukumbini penye waifai, ujumbe wa dada yake mkubwa, aliyesafiri kutoka mbali kumpeleka mama hospitali, ukamiminika.

"Mdogo wangu, kitanda kimepatikana, uvimbe umekua, daktari anasema tusingoje. Ni leo."

"Mama anakupigia. Pokea."

"Anajaribu tena. Pokea basi!"

"Ameshaingia."

Alisoma, akasoma tena. Dada wa mapokezi akamuuliza kama kuna msiba. Akatikisa kichwa. Msiba haukuwepo. Usiku ule ule dada yake akaandika kwamba mama ametoka salama, na yeye akashukuru kwa dhati, kisha akapanda chumbani, akafunga mlango, akalia.

Siku tano simu haikubipu. Ya sita aliweka salio lote aliloweza, akapiga mwenyewe, na dada yake akamshikia mama simu sikioni. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, yenye mluzi kwa mbali.

"Mama, nisamehe. Niliiona ikilia. Niliiona, Mama, sikupokea."

Pumzi. Halafu, ko. Ukucha juu ya simu, mara moja.

Mzima.

Fundi akajiziba mdomo kwa kiganja. Upande wa pili ukucha ukagonga tena, taratibu: ko, ko.

Na wewe je?

Kidole chake kilitaka kugonga mara moja, kama kilivyozoea. Akakizuia.

"Hapana, Mama," akasema. "Mimi si mzima. Tangu nimefika si mzima."

Akamweleza yote, mpaka ule ukuta wa jioni na ile breki anayoisimulia habari. Alipokuwa akinyamaza kuvuta pumzi, ukucha uligonga, naye akaendelea. Alikuwa ameanza kumwambia jinsi anavyoitamani ile sauti ya kumwitia chakula, salio likakata katikati ya neno.

Ikaja sauti nyingine ya mwanamke, nyororo, yenye adabu zake, ikimwarifu kwamba salio lake halitoshi kuendelea na simu hii. Fundi hakuondoa simu sikioni. Aliisikiliza mpaka mwisho.