Kuugua kwa Niaba ya Mama

"Panauma, mama?" daktari aliniuliza, ameushika mguu wangu mzima usio na hata mkwaruzo. Nikakunja uso, nikauma meno. Wenzake waliokaa nyuma ya darasa wakaacha hata kukohoa.

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya Jumamosi: kuugua. Madaktari wa familia, watu wazima wenye wagonjwa wao, walikuwa wamerudishwa darasani wajifunze kwa nini mtu wa mtaa wa chini anauawa na ugonjwa ambao wa mtaa wa juu anazeeka nao. Wakatafutiwa waigizaji. Mimi michezo ya redio nilishaizoea, mdomo ninao, haya sina. Mwalimu wao akaniambia nichague mgonjwa ninayemjua vizuri. Nikamchagua mama.

Mama alikuwa na sukari, na chini ya kidole gumba cha mguu alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Sindano yake aliichoma akitaka. Kliniki aliigomea tangu daktari huyuhuyu aliyenishika mguu alipomwambia mbele za watu, "Wewe mama ni mkaidi, mguu huo utakatwa." Siku ile alirudi nyumbani akakaa na viatu miguuni mpaka jioni. "Sirudi kule," alisema. "Mguu wangu, na masikio pia ni yangu." Nami nikaapa kwamba daktari yule nitamtia adabu.

Kwa hiyo aliponiuliza pale darasani kwa nini sichomi sindano, nilimkazia macho. "Nasahau, daktari. Nyumba ina joto, dawa inaharibika. Halafu wewe ukinisema mbele za watu, naona afadhali nife na heshima yangu." Ilikuwa sauti ya mama kabisa. Daktari aliinama, machozi yakamtoka. Nilifurahi, sitaficha. Kipindi kilipokwisha nilimfuata, nikamwambia mgonjwa mwenyewe yupo, na kidonda kinanuka.

"Mlete," alisema. "Tafadhali, dada, mlete."

Kumpata mama ilikuwa vita nyingine. "Umeniigiza? Na kilemba changu ukavaa?"

"Nilivaa."

"Basi nimeshakwenda. Rudi wewe ukatibiwe." Lakini asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni, ameshavaa viatu.

Foleni ya kliniki ilifika nje. Daktari alikuwa hoi, unamwona, ila alifunga mlango, akavuta kigoda akakaa chini kuliko mama. "Mama yangu, nisamehe kwa maneno yale. Leo nataka kusikia tu. Kinachokuzuia kuchoma sindano ni nini?"

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama.

Mama aliutazama mlango, akanitazama mimi, kisha viatu vyake. "Mwanangu daktari, ile sindano haitaki tumbo tupu. Niliichoma sijala, nikaanguka jikoni. Tangu hapo nikila naichoma, nisipokula naiacha."

"Na kwa nini huli?"

"Mchana wajukuu wanatoka shule na njaa zao. Wakishiba wao, sufuria imekwisha. Huyu akirudi kazini huniuliza kama tumekula. Namwambia tumekula."

Huyu ni mimi. Sufuria ile niliipika mimi kila asubuhi, nikaifunika, nikatoka nikijua inawatosha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Daktari aliendelea kuongea na mama peke yake, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Alimpangia dawa upya, kwa kufuata chakula anachokipata kweli. Kidole kilikuwa kimeshaoza, kikakatwa, na cha jirani yake pia. Mguu ulibaki. Mimi nilirudi darasani Jumamosi nyingine nyingi kuugua mbele ya madaktari wengine, ila habari za joto na kusahau sikuzisema tena.

Niliomba kazini niwe narudi nyumbani mchana. Tukawa tunakula wote, mama na fimbo yake kando, mimi namtazama anavyomeza.

"Unaniangalia kama polisi," alisema siku moja. "Hebu nichotee maji."

Nikainuka kuchota. Nilipogeuka, sahani ya mjukuu wake ilikuwa imejaa tena, na mama anatafuna, hana kitu mdomoni.