Mpira wa Baiskeli ya Nesi Ruthi

Baiskeli ya nesi Ruthi ilikuja na meli ya mtumba, siku zile milango ya biashara ilipofunguliwa na Tanga ikaanza kuvaa na kupanda vya Ulaya. Nyuma, chini ya kiti, ilikuwa na kiungo, na ndani ya kiungo kipande cha mpira cha kupunguza mtikisiko. Sasa ilikuwa ikilia kama bata aliyekanyagwa.

"Ikiwa tayari alasiri, fundi, nakuletea na za wenzangu," Ruthi alisema. "Isipokuwa tayari, naipeleka kwa mafundi wa Usagara."

Abdulwakil, fundi wa Makorora, hakukubali kushindwa na Usagara. Alifungua bolti, akauchokoa mpira, akaukuta umegandamana na mchanga na grisi ya kale. Mafuta ya taa hakuyagusa, maana yangeuvimbisha. Aliuosha kwa sabuni na maji vuguvugu, akauweka kwenye kisahani barazani ukauke. Ukang'aa, mwekundu wa kahawia, laini. Akaingia ndani kutafuta grisi mpya.

Alipotoka, mama mkwe wake, Bi Kijakazi, alikuwa ameketi barazani, shavu limetuna. Kisahani kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Halua ya duka gani hii?"

Mkwe haambiwi ana nini kinywani. Naye Bi Kijakazi, aliyepitia miaka ya foleni ya sukari, hakuwa mtu wa kutema chakula, sembuse kwa mkwewe. Wakaheshimiana hivyo, mmoja akitafuna, mwingine akiyaombea dua meno manne yaliyosalia.

"Ngumu kidogo," alisema kwa upole. "Lakini si mbaya."

"Alhamdulillahi, mama."

Ruthi akatokea. "Fundi, mpira wangu uko wapi?"

"Unasafishwa."

"Na nani?"

Abdulwakil akatazama paa. Ruthi akatazama kisahani, kisha shavu. Bi Kijakazi akaacha kutafuna. Aligeukia ukutani, akavuta ushungi, akatoa kitu, akakifuta kwa pindo la kanga, akakiweka kisahanini taratibu.

"Nilikuwa naionja tu," alisema.

Abdulwakil aliuosha tena mpira, akaupaka grisi, akaurudisha mahali pake na kukaza bolti. Ruthi akapanda, akapita makusudi kwenye kila shimo hadi kona, akarudi. Baiskeli kimya.

"Kesho nakuletea mbili za wenzangu," alisema. "Nazo zinalia."

Kwa furaha, fundi alimgeukia mama mkwe.

"Usinitazame, baba," Bi Kijakazi alisema. "Kesho nimefunga."