Choo Nyuma ya Kiti cha Mkwe

Kile choo kilikuwa nyuma ya kiti cha dereva, na dereva alikuwa mkwe wangu. Kwa sisi Wakurya hapo habari imekwisha, lakini asiye wa kwetu nimweleze. Mume wa binti yangu simpi mkono. Siketi kitandani kwake, hatuli sahani moja, na neno la chooni halipiti kati yetu hata kwa kuzungukazunguka. Hiyo ndiyo soni, na soni ndiyo heshima yetu.

Siku hiyo tulikuwa tunamtoa binti yangu Boke hospitali Mugumu. Alikuwa amezaa kwa upasuaji na mshono ulikuwa bado mbichi. Nashoni, mumewe, anaendesha gari la watalii, lile kubwa lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Tajiri wake alimruhusu amfikishe mkewe kwangu Kerende akiwa amelala, mradi gari lirudi safi jioni ile ile, maana kulikuwa na wageni wanalisubiri. Nikakubali kupanda kwa ajili ya ule mshono tu. Boke akalala nyuma na mtoto, mimi nikakaa karibu na miguu yake, na Nashoni akashusha pazia ili tusitazamane. Shikamoo yake ilinifikia kupitia kitambaa.

Tumbo lilianza kunisokota tukikaribia Nyansurura. Nadhani ni ule uji wa Boke niliomalizia ili usimwagwe. Nikajikaza, nikasema moyoni tutapita kichaka fulani nitatafuta sababu ya kushuka. Kumbe ilikuwa siku ya mnada. Barabara ilijaa ng'ombe na watu, na mbele yetu fuso la mifugo lilikuwa limezama kwenye tope, limelala kiubavu kidogo, halipitiki kushoto wala kulia. Gari letu likasimama, na watu wakalizunguka kama ndege ya serikali imetua. Kichaka hakikuwepo. Hata kingekuwepo, ningekiendea na kijiji kizima nyuma yangu.

Nikavumilia mpaka jasho likanitoka. Boke akaniona, akanionyesha kwa kidevu kile kimlango. Nikaingia.

Sitaeleza ya ndani. Nilipomaliza nikafunika kifuniko, nikabonyeza kile kitufe ukutani. Kimya. Nikabonyeza tena, nikakishikilia kama mtu anayepiga kengele ya shule. Kimya kile kile. Nilifungua bomba la kunawia na maji yakatoka vizuri, kwa hiyo maji yalikuwepo. Ni choo tu kilichokataa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka tajiri na wageni wake. Gari linatakiwa lirudi safi, na wa kulisafisha ni Nashoni. Atafunua kifuniko kile. Kesho nitaishije na mtu aliyeona hayo? Nitamwangaliaje mtoto wake? Nikakaa juu ya kifuniko na uzito wangu wote, nikamnong'oneza Boke kwamba sitoki humu mpaka kitu hiki kifanye kazi.

Boke angefanyaje, hawezi hata kuinuka. Akampigia mumewe simu. Wako gari moja, pazia moja katikati, lakini alimpigia simu, na Nashoni akajibu kwa sauti ya chini sana ili mimi nisisikie akitaja choo. Maelekezo yakaanza kupita hivyo, kwa simu mpaka kwa Boke, kwa Boke mpaka mlangoni kwangu. Nitazame kama kuna taa ndogo juu ya kitufe, nyekundu au kijani. Hakuna taa yoyote. Nizime swichi kubwa iliyo juu ya kioo, nihesabu kidogo, niwashe. Nilipozima, feni na taa za nyuma zikazimika na mtoto akalia; nilipowasha kila kitu kikarudi isipokuwa kile nilichokitaka. Nibonyeze polepole. Nibonyeze kwa nguvu. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma.

Wakati huo huo mnunuzi mmoja wa ng'ombe, wenzake walimwita Machage, akaanza kugonga kidirisha cha choo kwa fimbo yake. Akauliza hii nyumba ya magurudumu inauzwa ng'ombe wangapi. Mwenzake akamwambia hata akitoa zizi lake lote na mke mdogo juu, atapewa tairi la akiba. Wakacheka pale pale sikioni mwangu. Mimi nimeshikilia kitasa, nasali asije mtu akafungua.

Kisha maelekezo yakakoma. Nikamuuliza Boke mumewe anasemaje.

"Amenyamaza," akasema. "Simu iko hewani, lakini hasemi."

Nikaogopa zaidi. Mtu anayenyamaza hivyo, nikawaza, anajipanga kuja kutazama mwenyewe. Nikasikia kiti chake kikilia, nikakaza kitasa kwa mikono miwili. Baadaye nikamsikia Boke anaguna na kushika tumbo, "aah, mshono wangu." Alikuwa anacheka na anaumia.

"Mama, usikasirike. Choo hakijaharibika. Fyuzi yake anayo yeye mfukoni."

Nikamwambia aeleze vizuri. Akaeleza. Asubuhi Nashoni aliona haifai mkwe wake asogee karibu na choo kilicho mgongoni kwake, yeye akisikia kila kitu. Akaing'oa ile fyuzi ili choo kife, tusikifikirie kabisa. Alikuwa amepanga na shangazi yake Veronika, anayekaa mbele kidogo tu ya mnada. Choo cha huko kilikuwa kimefagiwa, maji yamewekwa, kanga mpya imetundikwa. Tungesimama kana kwamba tunasalimia. Lakini amwambie nani? Mimi hawezi kuniambia. Boke alikuwa amelala pembeni yangu, kila neno ningelisikia. Na tangu maelekezo yalipoanza alikuwa ananibonyezesha vitufe akijua havitawaka, kwa sababu kusema fyuzi iko wapi ilikuwa sawa na kusema, mama, nilikufikiria ukiwa chooni.

Fyuzi ikapita chini ya pazia, Boke akaivuta kwa ncha ya kanga, akanipitishia chini ya mlango. Kidude cha plastiki cha bluu, miguu miwili ya bati. Kisanduku chake kilikuwa humo ndani, juu ya kioo, na umeme ninauogopa kuliko nyoka. Nikazima ile swichi kubwa. Kidude kikaniponyoka, kikaangukia kwenye sinki, nikakishika kabla hakijafika tunduni. Nikakisukuma penye nafasi iliyo wazi. Nikawasha.

Taa ya kijani. Nikabonyeza, na choo kikanguruma kama mashine ya kusaga, Machage huko nje akaruka nyuma. Nikafunua. Peupe.

Nilipotoka, kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Nilichungulia pembeni ya pazia nikamwona Nashoni kule mbele, tope magotini, anasukuma fuso pamoja na wengine, ametupa mgongo. Hakuwa amesikia chochote. Sikuuliza.

Fuso liliponasuka akarudi, akawasha gari. Boke akaniangalia. Tumbo lilikuwa limetulia, na Kerende haikuwa mbali. Ningeweza kusema twende moja kwa moja.

"Mwambie mume wako," nikasema, si kwa kunong'ona, "nataka kumsalimia Veronika."

Tukasimama. Veronika akanipokea kwa mikono miwili, na baada ya salamu akanielekeza nyuma ya nyumba bila kusema ni wapi. Nikaenda. Nikafunga mlango wa bati, nikasimama mle ndani kwenye sakafu iliyofagiwa, sina haja yoyote. Nikamwaga kopo moja la maji kwa sauti ili pale kwenye gari isikike, nikangoja muda wa heshima, ndipo nikatoka.