Jina Asilolitaja Jovina

Foleni ya wanafunzi wapya pale Biharamulo ilikuwa ndefu mno. Watu wa Keza, kijiji cha Ngara, wanaapa hadi leo kwamba kuku wa mtu alitaga mstarini, akaatamia, na vifaranga wakahudumiwa kabla ya mwenye kuku. Jovina hakucheka. Alikuwa na hasira tangu alfajiri, alipopanda pikipiki kutoka Keza na binti yake Agness nyuma, gongo lake la kutembelea likiwa limelazwa mapajani.

Chuo kikuu kimoja cha mbali kilikuwa kimeleta watu wake kwa siku mbili, wakakodi ukumbi, wakatundika kitambaa kipana: DAWATI LA HUDUMA KWA WANAFUNZI WAPYA, TUPO KWA AJILI YAKO. Chini ya kitambaa alikaa kijana mmoja, Methusela, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani.

Agness alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Bweni alilopangiwa lilikuwa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Vyumba vya chini viliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, lakini mzazi lazima aje mwenyewe kuthibitisha, na orodha ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo. Ukali huo ulitokana na matapeli. Inasemekana mwaka uliopita gongo moja lilipita mezani na wanafunzi saba, na bibi mmoja wa kukodi alizaa watoto kumi na mmoja kwa asubuhi moja.

Zamu yao ilipofika, Methusela hakuwaamkia.

"Kaa. Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu wa kumzaa."

"Wote wanasema hivyo. Nitajie majina yake matatu."

"Agness Juvenali..."

"La tatu?"

"La tatu ni la babu yake."

"Sijauliza ni la nani. Taja."

Hapo ndipo ulimi ulipogoma. Kwao Jovina, mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe halimtoki kinywani. La mume linatajika, hata mume akiwa ameshazikwa kama marehemu Juvenali. La baba mkwe, hapana. Atasema "mzee", atasema "mwenye boma". Kuna mwanamke wa Kirushya, nyumba ya mkwe wake iliposhika moto alikimbia kijiji kizima akilia, "Inaungua ya yule! Ya yule nani!" mpaka majirani wakamwagia maji nyumba tatu ambazo hazikuwa zikiungua.

"Limeandikwa kwenye cheti, baba," Jovina alisema. "Lisome."

Methusela akakifunika cheti kwa kiganja. "Kusoma najua. Nakupima wewe."

"Basi nipe kalamu niliandike."

"Kuandika mtu anakariri. Nimesema taja."

Agness akasogea. "Kaka, samahani, kwetu mama haruhusiwi kutaja jina la..."

"Wewe nyamaza. Naongea na huyu uliyemkodi."

Ukumbi mzima ulisikia. Kijana mmoja mstarini akacheka kwa pua. Methusela akaona amepata watazamaji, akaegemea kiti. "Mama, sema ukweli tu. Mwenye mtoto yuko wapi?"

Jovina alihisi damu inampanda masikioni. Mtoto huyu alimbeba mgongoni miaka yote ya shule ya msingi, masika na kiangazi, mpaka watu wakamuuliza kama ameota nundu. Leo anaambiwa amekodiwa! Alimtazama Agness. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu vigae vya sakafu kama anayehesabu ngazi za ghorofa nne.

Akasimama.

"BIGIRIMANA!"

Wanaosimulia wanasema ndege wa Biharamulo walihamia Nemba mchana ule, na kwamba kule Keza mzee mwenyewe alipiga chafya ikazima moto wa jikoni. Wanawake wa Ngara waliokuwa mstarini waliziba midomo kwa kanga.

"Agness Juvenali Bigirimana! Bigirimana aliyenipokea kwake nikiwa na miaka kumi na tisa! Bigirimana aliyemchongea huyu mtoto gongo la kwanza! Miaka ishirini na tatu sijamtaja, hata nikiwa na homa sijamtaja! Umesikia, au nirudie?"

Methusela akagonga muhuri. Akatabasamu.

"Si unaona? Kumbe rahisi tu. Chumba cha chini, tayari. Anayefuata!"

Jovina akakaa tena.

"Mama, umemaliza."

"Sijamaliza." Akageuka. Nyuma yake alisimama Koleta wa Kirushya na mwanawe Ndizeye, mwenye macho hafifu, aliyekuja kuomba karatasi za maandishi makubwa. "Koleta, baba mkwe wako yupo hai?"

"Yupo, dada."

"Basi huyu atakutaka umtaje."

Koleta akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeona nyoka.

"Mama, unazuia huduma," Methusela alisema.

"Huduma ipi? Ya kutuvua nguo mbele za watu? Mpe kalamu aandike. Usipompa, mimi nalala hapa na kitambaa chako najifunika."

"Toka basi, dada, tumechoka!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Mwache akae!" wanawake wa Ngara wakajibu kwa pamoja, na yule aliyecheka kwa pua akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Methusela alitazama saa, akatazama mstari, akasukuma kalamu mezani. "Haya, andika."

Koleta akaandika. Muhuri ukagongwa. Jambo lenyewe halikufika dakika moja.

Jovina aliitazama ile kalamu. Akainuka, akamshika binti mkono, wakatoka nje kwenye jua.

"Mama, nimepata chumba cha chini," Agness alisema polepole.

"Nimesikia."

"Sasa mbona hufurahi?"

"Nimemtaja mzee, Agness. Lazima nipike pombe ya ndizi, nimpelekee, nipige magoti nimwombe radhi."

"Tutaipeleka wote. Ni kwa ajili yangu."

"Wewe hukunifungua mdomo." Jovina akasimama njiani. Akamwachia mkono binti, akarudi ukumbini, akapita mstari wote bila kumwomba mtu njia, mpaka mezani.

"Unaitwa nani wewe?"

"Methusela. Kwani kuna nini tena, mama?"

"Jumapili unakuja Keza. Pombe nitapika mimi. Kibuyu utakibeba wewe, na magoti utapiga wewe, umweleze mzee ulivyomfanya mkwe wake amtaje. Usipokuja, Jumatatu nakufuata hukohuko chuoni, na mzee nakuja naye."

Methusela alikuwa ameinua muhuri juu ya karatasi ya mtu. Akasahau kuushusha.