Visahani Vitatu na Mkono wa Mama

Mama Kidosho alikuwa na mkono usiotulia. Akikuta kitu kina vumbi, hata kama si chake, lazima akifute. Mzazi mwenzangu, kama na wako ni wa namna hiyo, soma mpaka mwisho.

Jumamosi alimpelekea bintiye chakula cha mchana maabarani. Kidosho alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na kazi yake ilikuwa kupima jinsi polima, yaani nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinavyong'ang'ania juu ya kitu kigumu, saa baada ya saa. Kitu chenyewe kilikuwa kisahani kama kifungo cha koti, kimepakwa dhahabu. Ndani ya mashine kisahani hutetemeka. Maji yenye nyuzi yakipita juu yake, nyuzi hunasa, kisahani huwa kizito, na mstari kwenye kompyuta hushuka. Kwanza hushuka mbio, kisha polepole, mpaka baada ya muda wa saa nane utulie.

"Saa nane unakodolea macho mstari?" mama alishangaa. "Si afadhali ungezaa, ukamwangalia mtoto?"

"Mama, kaa hapo. Usiguse kitu. Naenda kunawa."

Alipotoka tu, mama akaviona: visahani vitatu juu ya sinia, tayari kwa kazi ya wiki nzima. Akaona kama vina ukungu. Dhahabu, na vumbi! Alikuwa ametoka kujipaka mafuta mikononi, lakini hilo hakulifikiria. Akavifuta kwa upindo wa gauni, kimoja kimoja, akavipanga vinang'aa. Binti aliporudi, akampakulia chakula.

Jumatatu mstari ulishuka kidogo ukagoma. Jumanne vilevile. Jumatano ndiyo usiseme. Na Ijumaa ilikuwa siku ya kukabidhi majibu. Asipokabidhi, anarudia mwaka.

Jumatano jioni Kidosho aliutupa mkoba sakafuni. "Nimechanganya dawa upya mara mbili! Mwalimu anasema nina mkono mchafu. Mimi basi, mama. Kesho naandika barua ya kuacha chuo."

Mama alikoroga chai isiyo na sukari, akakoroga tena. "Hivi... kisahani kikiguswa na mafuta kidogo tu, inakuwaje?"

"Nyuzi zitakaa wapi, wakati mafuta yameshawahi nafasi? Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

"Mama."

"Nini tena?"

"Ulivigusa?"

"Vilikuwa na vumbi!"

"Havikuwa na vumbi! Niliviosha kwa dawa kali! Vilikuwa visafi kuliko sahani zako zote!"

"Sasa sahani zangu zimeingiaje hapa?"

Kidosho akacheka kwa hasira, kisha akalia. Siku tatu mtoto alijiona mjinga, na mama yake yupo, anajua alichofanya, anamwambia "pole". Mficha maradhi, kilio humfichua.

Alhamisi asubuhi mama alitangulia mlangoni kwa mwalimu. "Mwalimu, mkono mchafu ni huu hapa," akauinua. "Mwanangu hana kosa."

Mwalimu alimtazama, akavua miwani, akashusha pumzi ndefu. "Jamani, wazazi! Haya, aoshe kimoja, apime leo. Majibu ya hicho nitayapokea kesho. Ya viwili alete wiki ijayo."

Saa mbili kamili mashine iliwashwa. Mama aliomba kubaki, akapewa kiti pembeni, akaikalia mikono yake. Mstari ulishuka mbio. Saa sita ulikuwa unajivuta. Saa kumi ukanyooka kama uzi uliovutwa, na Kidosho akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo mama alipoona kwenye ukingo wa kompyuta vumbi, tena jingi. Bega likacheza.

"Mama, nakuona," alisema Kidosho, bila kugeuka.

"Sijagusa!"

"Najua. Endelea kuikalia."