Thibitisha au Uondoe Kauli

Swali la Mheshimiwa Methuselah Ojiambo lilikuwa na sehemu mbili, na alilitunga mwenyewe bila kusaidiwa na karani. Kwanza alimtaka Waziri wa Biashara aeleze kwa nini ratili ya sukari huko Malaba na Busia ilikuwa imepanda bei mara tatu ndani ya miezi sita, hata watu wazima wakaanza kunywa chai bila sukari kama wagonjwa. Pili alimtaka waziri anayehusika na usalama aseme ni lini majambazi wanaovuka mpaka na bunduki watakoma kuvunja maduka ya watu. Lilikuwa swali zuri. Hilo hatumnyimi.

Waziri wa kwanza alizungumzia soko la dunia na kuwaomba wananchi wavumilie. Wa pili alisimama na mkono mfukoni, akatabasamu, akasema kwamba mpaka uko salama kabisa na kwamba Mheshimiwa anasikiliza porojo za sokoni. Ojiambo damu ikamchemka. Aliruka juu akasema majambazi hao wanapita kizuizini mchana kweupe, na askari ndiye anayewainulia mti.

"Thibitisha! Thibitisha!" wakapiga kelele wa upande wa serikali. Siku hizo Bunge lilizungumza Kiingereza kitupu, na Spika alimwambia kwa Kiingereza kizito: athibitishe au aondoe kauli.

Angeiondoa. Wabunge huondoa kauli kila wiki, kisha huenda zao kula chakula cha mchana. Lakini waziri alikuwa bado anatabasamu, na tabasamu lile lilimkera kupita kiasi.

"Nimeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake," Ojiambo alisema. "Mama anayeitwa Apeduno. Ana duka la sukari na chumvi pale Malaba, karibu na stesheni ya reli."

Bunge zima lilipiga makofi na kukanyaga sakafu. Waziri akaacha kutabasamu. Ojiambo aliketi kifua mbele, na wiki nzima akawa anasalimiwa kwenye ngazi na watu ambao hawakuwahi kumtazama. Mbunge hashtakiwi kwa anayoyasema mle ndani, ana kinga yake. Apeduno yeye alikuwa na mlango wa mbao na kufuli moja.

Jumapili ya pili baada ya hapo, watu wakiwa kanisani, wanaume wanne walimkuta dukani. Walimvunja mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, wakamwambia mdomo wake umefika mbali, kisha wakatia duka moto. Malaba nzima ikajiuliza nani kamchongea. Siku Apeduno alipomsimulia mjumbe wao, Ojiambo, habari ya kizuizi, mtu wa tatu aliyekuwapo ni jirani yake Wilkista, muuza mandazi wa ng'ambo ya barabara. Basi, kazi ikawa rahisi. Mandazi ya Wilkista yakakosa mnunuzi, hata wale madereva wa malori ya Kampala wakaonywa wasiyaguse. Kisimani alichota maji peke yake.

Yote hayo Ojiambo aliyajua. Mwalimu Protus, wa shule ya hapo Malaba, alimwandikia barua mwezi wa tatu, akamwandikia tena mwezi wa tano. Mheshimiwa alijibu kwa pole nyingi na blanketi moja. Mara alikuwa na kamati, mara homa, mara gari bovu. Kila alipoishika kalamu kuandika neno moja la kweli, mkono ulikuwa mzito, akaandika salamu. Alijiona mchafu, akaenda kuoga, akarudi vilevile.

Alifika Malaba mwezi wa saba, na ratili mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi. Uani kwa Apeduno watu walikuwa wamejaa, maana habari za mjumbe hutangulia. Apeduno alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake umepona vibaya, umepinda kiwikoni.

"Mheshimiwa, karibu," alisema. "Hawa watu nimewaambia ulituongelea huko. Mimi nilikupigia kura na wewe si Mteso mwenzetu, wengine walinicheka. Sasa wasomee wasikie."

Ojiambo alitoa taarifa rasmi ya mjadala ule wa Bunge, iliyopigwa chapa, akaanza kutafsiri. Alipofika kwenye soko la dunia watu waliguna. Alipofika kwenye porojo za sokoni walitukana. Kisha akalifikia jina, na ulimi wake ukaliruka. "Nimeambiwa na mwananchi mmoja," alisoma. Makofi yakapigwa, na vigelegele.

"Nipe hiyo karatasi nishike," Apeduno alisema.

Akaiweka mapajani, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama anayechambua mawe kwenye mtama. Kiingereza hakukijua. Ila alikuwa ameenda kisomo cha misheni mpaka akaweza kuandika jina lake, akaachana na kutia sahihi kwa kidole gumba. Kidole kilipita juu ya mstari ule. Hakuliona jina lake. Akaanza kufunua ukurasa.

Ojiambo angenyamaza tu. Lakini alikuwa amekosea mahali pa kutazama. Ng'ambo ya barabara Wilkista alikuwa ameketi nyuma ya mandazi yake, na nzi ndio waliokuwa wateja. Mbunge aliinama, akaweka kidole chake kwenye karatasi.

"Hapa, mama."

Apeduno alisoma taratibu, silabi kwa silabi. "A-pe-du-no." Akainua macho. "Hii ni mimi. Nani aliniweka hapa?"

"Mimi. Walinibana nithibitishe, nikakutaja."

Apeduno akagusa neno lililochapwa ndani ya mabano, kando ya jina lake.

"Na hii?"

"Makofi."

"Walinipigia mimi?"

"Hapana, mama. Walinipigia mimi."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aligeuka kuelekea barabarani akaita kwa sauti ambayo haikuwa imeita jina hilo kwa miezi mitano. "Wilkista! Wilkista, kuja!"

Wilkista alikuja akijifuta mikono kwenye leso, akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyezoea kufukuzwa.

"Mwambie," Apeduno alimwagiza Ojiambo. "Vile umeniambia."

Ojiambo alimwambia yote. Safari hii alisema kwa Kiswahili cha kawaida, na maneno yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Wilkista alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini wananishuku mimi?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tano nilizika mama yangu. Hiyo pia mwalimu alikuandikia?"

"Aliniandikia."

Wilkista aliwatazama watu wote waliokuwa uani, mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Kisha akamgeukia tena Ojiambo.

"Tulikuwa watu sita, Mheshimiwa," alisema. "Wanaume wa kuchimba kaburi hawakuja. Jembe nilishika mimi."