Bomba la Jumbe Mwishehe

Mwaka ule wa mgomo wa bandarini, Jumbe Mwishehe alikuwa amekwisha kuzika wajukuu wawili, wote kwa ugonjwa wa kuhara. Visima vya kijiji chake, huko nyuma ya Kurasini, vilikuwa vimeharibika, na kila alipokwenda bomani kuomba bomba la maji, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alimjibu kwamba fungu la fedha halipo.

Safari hii Bwana Shauri alimfuata mwenyewe barazani, pamoja na karani wake, Gozbert, aliyekuwa akitafsiri.

"Anasema bomba sasa lipo," alisema Gozbert, macho chini. "Ila hawa wagomaji wanaokula na kulala kwenu, baraza liwapige marufuku. Njaa itawarudisha kazini."

"Sie na serikali hatuna ugomvi," Mwishehe alijibu. "Lakini hao ni watoto wetu. Mkwe wangu Salumu ni mmoja wao, naye anaishi humu humu uani kwangu."

Mzungu alitabasamu, akasema maneno machache.

"Anasema halazimishwi mtu, Jumbe. Shauri ni lenu. Lakini mkikataa, Mbagala wanalitaka bomba hilo."

Mwishehe akageuka kutazama mlango wa nyumba yake. Ndani, mjukuu wake wa tatu alikuwa amelala mkekani, midomo imemkauka, hata kulia hawezi tena. Aliwatazama wazee wenzake, kisha akakubali. Hakuna aliyemwangalia usoni, wala aliyempinga.

Alasiri mbiu ikapigwa: atakayempa mgomaji chakula au malazi atafukuzwa kijijini.

Salumu hakungoja kufukuzwa. Alikunja mkeka wake. Mkewe, Mwanabaraka, akambeba mtoto mgongoni.

"Mwache mtoto, mwanangu," Mwishehe alimsihi. "Maji yanakuja. Nimefanya haya kwa ajili yake."

"Na baba yake umemfukuza kwa ajili ya nani?" binti yake alimuuliza. Wakashika njia ya Kigamboni, kwa ndugu zake Salumu.

Mgomo ulikwisha. Bomba likaja kweli, maji matamu, wanawake wakapiga vigelegele. Mwishehe alituma mtu Kigamboni, ng'ambo ya bandari, kwenda kuwaita. Majibu yalikuwa kwamba mtoto amepona, na hawatarudi.

Mvua za masika zilipoisha, Bwana Shauri akaja tena. Serikali sasa ilitaka bonde lao la mpunga, pajengwe matangi ya mafuta.

"Tukikataa?" aliuliza mzee mmoja.

Gozbert hakulitafsiri swali hilo. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Wenye kufungua maji ndio wenye kuyafunga, mzee wangu."

Baraza zima likamgeukia Jumbe. Moyoni alikuwa akilitafuta neno la kukataa, akilitafuta kama aliyetumbukiwa na sindano mchangani. Alipofumbua kinywa, aliuliza tu kama wataruhusiwa kwanza kuvuna mpunga uliokwisha kuchanua.